Modemu Iliyorudi na Zawadi

Mwalimu Coletha alikuwa amechoka. Siyo ule uchovu wa kulima siku moja, ukalala, ukaamka mzima. Wake ulikuwa uchovu wa miaka mitatu. Ulikuwa umeingia kwenye magoti na kwenye macho. Hata sauti yake ya darasani ilikuwa imepungua, na watoto wa madawati ya nyuma walilijua hilo vizuri sana.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamka. Aliwasha moto, akachemsha maziwa, akafagia uwanja. Ngassa, mume wake, alikuwa zizini na ng'ombe. Saa moja kasoro Coletha alikuwa njiani kwenda shuleni, pale pale kijijini kwao Msowero. Darasa lake la nne lilikuwa na watoto themanini na sita. Madaftari themanini na sita, jamani! Mchana alifundisha, alasiri alisahihisha, jioni alipika. Akimaliza yote hayo, ndipo alipokuwa mwanafunzi na yeye.

Maana Coletha alikuwa anasoma stashahada ya ualimu kwa njia ya masafa. Masomo yote alikuwa ameyapita. Kilichobaki ni kimoja tu: ripoti ya utafiti, kurasa sitini na mbili. Ripoti hiyo ilitakiwa itumwe chuoni kwa mtandao, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Asiyetuma anarudia mwaka mzima.

"Mimi sirudii," Coletha alimwambia mume wake. "Nikikosa safari hii, naacha. Nimeshachoka, Baba Agness. Nitabaki na cheti changu kile kile mpaka nistaafu."

Ngassa alimjua mke wake. Akisema naacha, anaacha.

Siku hizo makampuni ya simu yalikuwa yamejaa nchini. Zamani kupiga simu ilikuwa mpaka uende posta Kilosa, upange foleni. Sasa kila ukuta wa barabarani ulikuwa umepakwa rangi ya kampuni fulani, na vocha ziliuzwa pamoja na chumvi na kiberiti. Ngassa mwenyewe alinunua modemu kule Mikumi, siku aliyopeleka ng'ombe mnadani. Ilikuwa kisanduku cheupe cha kukaa mezani. Unaweka laini ya simu ndani yake, kinashika mtandao, kinaurusha kwenye kompyuta bila waya. Umeme walitumia wa sola.

Jumatatu, jua likiwa bado halijazama, Coletha alikaa mezani na kompyuta yake kuukuu. Alifungua programu ya chuo, akaweka jina lake na neno la siri. Ikamkubali. Akachagua faili la ripoti, akabonyeza kutuma.

Faili likaanza kwenda. Asilimia tano. Asilimia tisa. Asilimia kumi na nne.

Hapo likasimama.

Coletha alisubiri. Maharage yakaungua jikoni, akaenda kuyaepua, akarudi. Asilimia kumi na nne.

"Imeenda?" Ngassa aliuliza akiwa mlangoni.

"Haijaenda."

"Labda mtandao hauna nguvu."

"Mtandao upo. Muda huu huu nimemwandikia msimamizi wangu, amenijibu hapo hapo. Ila ripoti haitaki."

"Labda inasubiri."

"Inasubiri nini, mahari?"

Ngassa alicheka kidogo. Coletha hakucheka. Aliangalia salio la kifurushi chake cha intaneti, akakunja uso.

"Na hiki nacho ni cha ajabu. Tangu Jumapili natumia, kifurushi hakipungui hata kidogo."

"Si ni baraka hiyo?" alisema Ngassa, kisha akaenda haraka kuangalia ndama.

Jumanne alijaribu tena. Asilimia kumi na nne. Alipiga simu kwa kampuni, huduma kwa wateja. Akapigiwa muziki. Muziki ukaisha, ukaanza upya. Mwishoni binti mmoja mwenye sauti nzuri akapokea.

"Dada, upande wetu kila kitu kiko sawa. Zima modemu, halafu uiwashe."

Coletha alizima, akawasha. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Angeizima hiyo modemu kwa mchi wa kinu, na ripoti ingebaki pale pale kwenye kumi na nne.

Jumatano asubuhi alimwendea mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku moja. Mwalimu mkuu aliyaangalia macho yake, akasaini bila kuuliza swali. Alhamisi, Coletha alifunga kompyuta na modemu ndani ya khanga, akapanda basi la kwanza kwenda Kilosa mjini.

Pale Kilosa kulikuwa na Kituo cha Walimu chenye chumba cha kompyuta. Kila Alhamisi alikuja fundi mmoja, Seleina, binti wa Mzee Saitabau, mfugaji wa upande wa Mikumi. Alisomea kompyuta Morogoro. Siku nyingine alihudumia nyumba za wageni za Mikumi. Watu wa mnadani walishamzoea. Akipita na begi lake la nyaya, wazee walimwitia simu zao zilizokufa.

"Shikamoo mwalimu," alisema Seleina, akasimama kumpokea mzigo.

"Marahaba mwanangu. Mimi nimechoka."

"Kaa kwanza, mama. Chai hii hapa. Modemu haikimbii."

Coletha alikunywa chai, akaeleza. Ujumbe unaenda, ripoti haiendi. Kifurushi hakipungui. Mtandao unashika na kuachia. Kesho saa kumi ndiyo mwisho. Seleina alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliposikia habari ya kifurushi, akanyanyua kichwa.

"Kifurushi hakipungui kabisa?"

"Kabisa."

"Mwalimu, nani mwingine anaitumia modemu hii?"

"Hakuna. Niliwakataza wote mpaka nimalize ripoti."

Seleina aliwasha modemu. Akaigeuza chini, akamwonyesha Coletha namba zilizochapwa kwenye kibandiko.

"Hii ndiyo anwani ya kuingilia ndani ya modemu. Unaiandika pale juu unapoandika anwani za tovuti. Andika wewe, mama. Mimi siandiki. Kesho utakuwa Msowero, na mimi nitakuwa Mikumi."

Coletha aliandika kwa kidole kimoja. Ukurasa ukafunguka, ukaomba neno la siri. Lilikuwa lile lile la kiwandani, nalo lilichapwa pale pale chini ya modemu.

"Unaona? Kila anayeishika anaweza kuingia na kupanga anavyotaka. Hili tutalibadilisha," alisema Seleina. "Sasa bonyeza hapo palipoandikwa VPN."

Coletha akabonyeza. Likatokea jina moja, na mbele yake neno la kuonyesha kwamba VPN hiyo inafanya kazi. Jina lenyewe lilikuwa hili: ZAWADI YA MARKO.

Coletha alilisoma mara mbili. Marko alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alitoa simu, akampigia mume wake.

"Baba Agness. Modemu ulimpa nani?"

Ng'ombe alisikika akilia huko nyuma ya Ngassa.

"Marko aliiomba Ijumaa," Ngassa alisema polepole. "Nikashindwa kumkatalia. Mwezi wa tatu alitupa maksai wake tukalimia bure, nimwambieje? Siku mbili tu, Mama Agness, wakati bado unaandika, huna haja ya mtandao. Jumapili akairudisha, pamoja na ndoo ya viazi."

"Viazi niliviona. Uliniambia umepewa na shangazi yake!"

"Na viazi ni vya kwa shangazi yake..."

Coletha akakata simu. Alikuwa na hasira, lakini hasira nayo inataka nguvu, na yeye hakuwa nayo. Akamgeukia Seleina.

"Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu," alisema. "Ukiazima bakuli, unalirudisha na mboga ndani. Marko ni mtu mwenye adabu mno. Ameona viazi havitoshi, akaniwekea zawadi na ndani ya modemu."

Seleina alicheka mpaka akajifuta macho, na Coletha mwenyewe akajikuta anacheka, bila kupenda.

"Hii zawadi naijua," alisema Seleina. "Vijana wengi wanapeana. Ni VPN, wenyewe wanaiita handaki la bure. Inapenya kwenye mitambo ya kampuni ili utumie intaneti bila kukatwa kifurushi. Kwanza siyo halali. Pili, siku yoyote kampuni inaiziba. Na tatu ndiyo iliyokukwamisha wewe. Njoo nikuonyeshe."

Alichukua bahasha tatu za kaki kabatini, kubwa kwa ndogo. Akachukua na karatasi kumi. Wakaenda mpaka mlangoni, palipotundikwa sanduku la maoni. Lilikuwa la mbao, lenye tundu jembamba la kupitishia barua.

"Ripoti yako haiendi nzima nzima, mwalimu. Kompyuta inaikata vipande vingi vidogo. Kila kipande kinatiwa kwenye bahasha, kinaandikwa anwani, kinaondoka. Vikifika kule vinaunganishwa upya. Sasa, njia za mtandao zina matundu kama hili. Kipande kinene kuliko tundu hakipiti." Alitia karatasi kumi ndani ya bahasha ndogo, akampa. "Hiyo ni intaneti ya kawaida. Pitisha."

Coletha akapitisha. Ikaingia. Seleina akafungua sanduku, akaitoa, akaitia ndani ya bahasha ya pili.

"Programu ya chuo ndiyo hii. Nayo ni handaki. Vitu vyako vinapita vikiwa vimefunikwa, mtu wa njiani asione kilichomo. Chuo kinafanya hivyo kulinda kazi zenu. Ni jambo zuri. Pitisha."

Bahasha ilibana, lakini kwa kusukuma ikapita. Seleina akaitoa, akaifunika kwa bahasha ya tatu.

"Na hii ni zawadi ya Marko. Pitisha."

Coletha alisukuma. Ikagoma. Akaikunja, ikagoma.

"Itachanika," alisema.

"Ndiyo hivyo. Handaki ndani ya handaki. Kila handaki linaongeza bahasha, na tundu ni lile lile. Halipanuki."

"Mbona ujumbe wangu kwa msimamizi ulikuwa unapita?"

Badala ya kujibu, Seleina alitoa zile karatasi kumi, akaacha moja tu. Akaifunika kwa bahasha zote tatu. "Pitisha tena."

Ikapita bila shida.

"Aaa!" alisema Coletha. Hiyo aaa ilitoka tumboni. Mwalimu akielewa kitu, hata akiwa amechoka vipi, uso wake hubadilika. "Kidogo kinapita, kinene kinakwama. Na ile asilimia kumi na nne?"

"Kompyuta inahesabu vilivyotoka mkononi mwake. Haijui kama vimefika. Vikikwama, mara nyingi hakuna anayekurudishia habari. Unakaa unasubiri tu. Kule Mikumi wageni wanafika na VPN za ofisi zao, wanalalamika hivyo hivyo. Barua zinasomeka, faili haliendi. Wanamgombeza mhudumu wa watu bure."

Wakarudi mezani. Seleina alielekeza, Coletha akaandika, na kila alichofanya akakinukuu kwenye daftari lake la maandalio ya masomo.

Kwanza alifuta zawadi ya Marko. Kisha akafungua mahali pa jina la lango. Kila kampuni ya simu ina jina la lango lake la intaneti, ndilo linaloandikwa APN. Marko alikuwa ametumia laini yake, ya kampuni nyingine, akaacha jina la kampuni ile.

"Mitambo mingine inavumilia jina lisilo lake, mingine inakataa," alisema Seleina. "Ndiyo maana mtandao ulikuwa unashika na kuachia. Andika la kampuni ya laini yako. Usikisie. Liko kwenye karatasi iliyokuja na laini, au waulize huduma kwa wateja."

"Wale wa muziki?"

"Wale wale. Ukiwauliza kitu kimoja kinachoeleweka, wanajibu."

Mwisho walifungua mahali palipoandikwa MTU, herufi tatu za Kiingereza. Hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa kipande. Kilikuwa 1500. Coletha akakifuta, akaandika 1300, akahifadhi.

"Sasa modemu itaagiza vipande vyembamba zaidi," alisema Seleina. "Hata bahasha ya chuo ikiongezwa, vitapita. Lakini 1300 siyo namba ya miujiza. Kikikwama tena, shuka kidogo. Usishuke mno, maana vipande vitakuwa vingi na kazi itakuwa ya polepole."

"Na kasi? Marko huwa anasema ukiweka handaki intaneti inakimbia."

"Haikimbii, mama. Handaki linapita juu ya mtandao ule ule ulionao. Mtandao ukiwa mnyonge, na handaki ni nyonge. Tena linakupunguzia, kwa sababu ya kubeba bahasha za ziada. Na jambo jingine. Handaki linakuficha kwa watu wa njiani tu. Mwenye mdomo wa pili, kule handaki linakotokea, ndiye anayefungua bahasha. Wa chuo mnamjua. Huyu wa bure, nani anamjua? Barua pepe yako ilikuwa inapita kwake. Ukifika nyumbani, badilisha maneno yako ya siri yote. Na Marko naye mwambie."

Coletha alifungua programu ya chuo. Akabonyeza.

Hakuna kitu. Maandishi mekundu yakatokea: chuo hakipatikani.

Seleina alipiga simu chuoni. Aliongea kidogo, akaweka simu chini taratibu.

"Wanatengeneza mitambo yao. Wanafungua kesho, wamesema asubuhi. Handaki lina midomo miwili, mwalimu. Wako uko wazi. Wa kwao umefungwa. Hapo hata ungekuwa na mnara uani kwako, hupiti."

Coletha alilaza kichwa mezani juu ya mikono. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Miaka mitatu, mwanangu. Miaka mitatu."

Seleina akamgusa bega.

"Kila nilichokuelekeza umekiandika mwenyewe. Hunihitaji tena. Kesho weka modemu dirishani, upande wa mnara. Picha kubwa kwenye ripoti zipunguze sasa hivi, hapa, mzigo uwe mwepesi. Na asiiguse mtu."

Wakapunguza picha. Coletha akafunga vitu vyake ndani ya khanga, akarudi Msowero na basi la saa tisa.

Alipofika, Marko alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje, kofia mkononi. Ngassa alikuwa amesimama mbali kidogo, kama mtu mwenye kesi.

"Shemeji, kumbe nimewaharibia?" alisema Marko. "Mimi nilidhani nawasaidia. Kurudisha kitu cha watu mikono mitupu niliona aibu. Nikasema, ngoja na wao wafaidi."

"Marko, nyumba yangu siyo ngeni kwako. Siku nyingine niletee viazi, inatosha," alisema Coletha. "Na ulifute hilo handaki kwenye simu yako, ubadilishe neno lako la siri. Mwenye handaki hilo humjui, na huenda yeye anasoma barua zako."

"Anasoma?" Marko alishtuka. "Weee! Na zile za..." Akanyamaza. Akaaga, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Coletha alimgeukia mume wake. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu Kilosa. Yote yalikuwa yameishia njiani.

"Sina nguvu ya kugombana," alisema. "Nakuomba kitu kimoja. Kesho nikiwa shuleni, modemu ikae dirishani upande wa mnara, isitoke."

"Haitatoka," alisema Ngassa.

Lakini Coletha alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa. Ngassa hajawahi kumnyima mtu kitu. Jembe, mkokoteni, ng'ombe dume, hata koti lake la mvua lilikuwa kwa mtu. Alikuja huku kutoka Usukumani na ng'ombe wachache tu, watu wakampokea, wakamwonyesha mahali pa kulima. Tangu hapo neno hapana lilikuwa limemkauka mdomoni.

Ijumaa alfajiri Coletha alijaribu. Mdomo wa chuo ulikuwa bado umefungwa. Akaenda kufundisha. Kila kipindi aliangalia saa. Saa nane mchana aliwaachia watoto, akatembea kurudi nyumbani, magoti yakimuuma, karibu akimbie.

Alipoingia uwanjani aliona pikipiki ya Paulo.

Paulo alikuwa kaka mkubwa wa Ngassa, mkazi wa Mamboya. Kama kulikuwa na mtu ambaye Ngassa hakuthubutu kumnyima kitu, ni huyo. Paulo akisema nataka, Ngassa alikuwa ameshakwenda kuchukua.

"Shikamoo shemeji," Coletha alisalimia.

"Marahaba," alijibu Paulo, akitazama pembeni. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

Coletha hakungoja. Aliingia ndani, akaangalia mezani. Modemu haikuwepo. Alishika ukingo wa kiti, akasimama hivyo.

"Iko dirishani," Ngassa alisema nyuma yake. "Umesema iwekwe upande wa mnara. Nimeiweka tangu asubuhi, nikakaa hapa hapa kuilinda. Ng'ombe nimempa Marko awachunge. Ni haki yake."

Coletha aligeuka. Kweli, ilikuwa pale, imefungwa kwa kamba ya katani kwenye nondo ya dirisha, taa zake zinawaka.

"Na kaka yako?"

"Amekuja kuiazima. Kuna fomu ya ushirika inajazwa kwa mtandao. Alitaka aondoke nayo mpaka Mamboya. Nimemwambia hapana."

Aliisema kwa shida, na jasho lilikuwa limemtoka kama mtu aliyebeba gunia.

Coletha alikaa, akafungua kompyuta. Saa nane na nusu. Programu ya chuo ikafunguka. Akaweka jina, akaweka neno la siri, akachagua faili, akabonyeza kutuma.

Asilimia tano. Asilimia tisa. Kumi na mbili. Kumi na nne.

Ikasimama. Coletha alifumba macho.

"Kumi na tano!" alipiga kelele Ngassa. "Mama Agness, kumi na tano!"

Haikukimbia. Mnara ulikuwa mbali, na handaki haliongezi nguvu ya mnara. Ilitambaa. Saa tisa ikawa thelathini na nane. Saa tisa na nusu ikawa sitini na sita. Paulo alichoka kununa peke yake nje, akaingia, akasimama nyuma yao, akaanza kuzisoma asilimia kwa sauti, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, maandishi ya kijani yakatokea.

RIPOTI YAKO IMEPOKELEWA.

Coletha hakushangilia. Machozi yalimtoka tu, yakashuka mpaka kwenye khanga.

"Unalia nini sasa? Si imefika?" aliuliza Ngassa kwa wasiwasi.

"Nimechoka," alisema Coletha. "Nimechoka, na imefika."

Paulo alikohoa. "Kwa hiyo mdogo wangu," alimwambia Ngassa, "mimi kaka yako umeninyima kwa ajili ya kisanduku hiki."

"Siyo kwa ajili ya kisanduku, kaka," alisema Ngassa. "Ni kwa ajili ya huyu. Miaka kumi na tisa ananiangalia nikigawa vitu vyake, ananyamaza. Leo nimeona aibu."

Paulo alimwangalia shemeji yake. Labda aliona yale macho aliyoyaona mwalimu mkuu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Basi nijazie fomu hapa hapa, shemeji. Ukishapumzika."

Coletha alimjazia. Alipofika kwenye jina la mke wa mwanachama, alikuwa anasinzia, na Paulo ikabidi ataje tena.

Matokeo yalitoka mwezi wa kumi na moja. Coletha alikuwa amefaulu. Wakati huo modemu ilikuwa na neno jipya la kuingilia, na mipango yake yote ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: jina la lango, kipimo 1300, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, HAITOKI NYUMBANI. Anayetaka mtandao alikuja na simu yake, akakaa kwenye benchi, akatumia, akaaga. Wengi walikuja na mahindi au mboga.

Siku aliyopokea barua ya chuo, Coletha aliisoma akiwa amesimama uwanjani, akampa Ngassa, akaingia ndani. Ngassa alipika ugali mwenyewe, mgumu kama nini, akaenda kumwita mara mbili. Hakuitika. Alikuwa amelala usingizi mzito, saa kumi na moja jioni, viatu vya shuleni bado viko miguuni. Ngassa akamvua viatu, akafunga mlango, akatoka kuwaambia watu wa benchini wapunguze sauti.